Hatuna kazi, na bado hatuna wakati

Vijana wenzetu wa Lubumbashi,

Kila mara tukisema tunataka kusoma kitabu, kuandika kitu, kukimbia asubuhi ao kwenda kuangalia timu yetu, kuko mukubwa mumoja anatujibu: «Ninyi hamuna kazi, na munatafuta tena kujifurahisha?» Baba anasema hivyo, pasta anasema hivyo, hata mama jirani mwenye tunamusaidia kubeba makala anasema hivyo. Ni wazazi wetu, hatutagombana nao. Lakini jibu tuko nalo.

Kwanza, mutu wa shomaje hana siku ya bure. Mwenzetu mumoja ana dipolome ya sheria. Anaamuka 3h ya usiku, juu kwa avenyu yao maji inatoka paka usiku. Anajaza mabido, analala tena kidogo, 6h iko barabarani. Mpaka 18h anauza kredi na mega pembeni ya soko, chini ya parasoli. Anafika nyumbani 20h, kuran haiko, telefone iko na 9%. Na kitabu chake kiko mule ndani ya telefone. Huyu njo ule banasema hana kazi.

Mwenzetu mwingine alimaliza ekonomia. Anafanya kazi ya siku kwa siku kwa kampuni ndogo inayotumikia migodi. Saa 12 kwa siku, siku 6. Hiyo ni saa 72. Weka saa 2 za basi kila siku, kwenda na kurudi: tumefika 84. Wiki nzima iko na saa 168, kwa hiyo nusu kamili ya maisha yake imekwenda, mbele hajalala, hajaoga, hajakula bukari. Sasa mufungue Code du travail ya 2002. Imeandikwa kwamba kazi isizidi saa 45 kwa wiki na saa 9 kwa siku, na kila mutumikaji apumuzike kila wiki. Sheria hiyo haikuandikwa na wavivu.

Tunachotaka kusema ni hiki: saa ya kusoma, ya kucheza, ya kushangilia, si zawadi yenye bosi anatupatia akipenda. Ni saa zetu. Zikikosekana, ni kwamba kuko mutu ao kitu kimezichukua: bosi asiyefuata sheria, bomba lisilotoa maji muchana, giza, barabara yenye mashimo inayofanya kilometa 8 zikuwe saa nzima. Tumezoea kuhesabu franka zinazoibiwa. Saa zinazoibiwa hakuna anayezihesabu.

Mutatuambia kusoma na kuandika ni mambo ya watu wenye nafasi. Mukumbuke basi mwaka 1965, hapa hapa, wakati muji ulikuwa bado unaitwa Elisabethville. Chama cha watumishi wa zamani wa nyumbani, maboyi na wapishi wa wazungu, kilitoa historia ya muji huu, kwa Kiswahili chetu cha hapa. Jina lililo juu yake ni la André Yav. Hawakuwa maprofesa. Waliandika walichoona: kazi, mishahara, majina yenye watu waliwapatia wazungu, namna mukubwa alivyoishi na namna boyi alivyoishi. Mwaka 1990 profesa Johannes Fabian aliichapisha pamoja na tafsiri ya Kiingereza, na leo wanafunzi wa ngambo wanaisoma. Sisi tulimaliza masomo hapa bila kusikia jina hilo hata mara moja. Tulilipata kwa PDF, kwa telefone. Watu waliotumika jikoni mwa wengine walituachia kitabu. Sisi wenye dipolome tutaacha nini? Ma-status?

Hatusemi hivi kwa kujisifu, maana sisi wenyewe tumepata haya. Mwezi uliopita tulipashwa kuandika barua ya ukurasa mumoja. Tulikuwa sita, wote tumemaliza université, na tuliirudilia mara nne. Tulijua kuandika mitihani na TFC. Kuandika kwa mutu anayeweza kukataa, ili asikatae, hatukujua. Tangu siku ile tumejiwekea kazi moja: kila mutu ukurasa mumoja wa kaye kwa siku, kwa kalamu, juu kaye haiombi kuran. Wamoja wanaandika bei za sokoni, wengine wanaandika hasira. Yote ni sawa.

Kwa kusoma tumepata njia ndogo. Maktaba ya Institut français pale Halle de l'Étoile iko katikati ya muji, lakini kutoka Ruashi ao Katuba ni taksi, na taksi ni chakula. Basi tunanunua kitabu kimoja pale chini, vile vya zamani, watu watano tunachanga. Kila mutu anakaa nacho wiki moja, halafu anakipitisha. Mwenye anauza kredi anasoma wakati wateja hawako. Mwenye wa migodi anasoma ndani ya basi, akisinzia anaanza tena. Kitabu kinarudi na mafuta ya mikate na vumbi nyekundu. Hakuna shida.

Sasa tuje kwa timu, maana hapa njo tunatukanwa zaidi. Wenzetu wengine wa harakati wanasema mupira ni dawa ya kulaza vijana, na wanasiasa wanaitumia. Haiko uongo. Tumeona wangapi wanavaa maillot wakati wa kura? Lakini sisi tulikuwa batoto mwezi wa 12 mwaka 2010, TP Mazembe ilipopiga Internacional ya Brazili 2-0 kule Abu Dhabi na kuwa timu ya kwanza ya Afrika kufika finali ya Kombe la Dunia la vilabu. Inter Milan ilitupiga 3-0, ndiyo. Nani anakumbuka ile 3-0? Tunakumbuka Kidiaba akirukaruka kwa matako juu ya nyasi, na avenyu yote ikimuiga, mpaka batantine. Na mwaka 2024 wadada wa Mazembe walibeba Ligi ya Mabingwa ya Afrika ya wanawake. Wadogo zetu wa kike waliomba mupira, si mwanasesere. Hiyo inaitwa kulala?

Nyumbani kwa wengi wetu kuko corbeau mumoja na cheminot mumoja, Mazembe na Lupopo kwa meza moja. Siku ya derby hawasalimiani, kesho yake wanakula sombe pamoja. Wanasiasa wetu wangekuja kujifunza pale.

Kitu kinachotulaza kweli ni kingine, na tukiseme bila kuficha: pari. Tunaona ndugu anatoa franka za taksi kwa kuweka kupon juu ya timu za Norvège zenye hajui hata jina la mushambuliaji mumoja. Ule si shabiki tena. Shabiki anaimba dakika 90. Mwenye kupon anaangalia telefone dakika 90. Kati yetu bamo wenye kupon, wanajijua, na tunaandika hii mbele yao.

Na mazoezi? Asubuhi ya Siku ya Mungu tunakimbia kwa kundi, tunaimba, magari yanapiga klaksoni. Inapendeza. Katikati ya wiki ni ngumu: malori ya migodi, vumbi, na mbele ya jua kutoka giza ni giza. Wadada wetu hawawezi kukimbia 5h pekee yao, na 6h tayari wako na bido kichwani. Tukiomba taa za barabarani tunaonekana sawa tunaomba urembo wa muji. Tunaomba dada aweze kukimbia.

Kiwanja je? Kartiye yetu ilikuwa nacho kimoja. Hakina nyasi, magoli ni miti, mvua ikinyesha kinakuwa ziwa. Lakini wazee wanasema kilikuwa pale mbele sisi kuzaliwa. Wiki sita zilizopita tulikuta vijiti vya kupimia vimepandwa, halafu lori la muchanga, halafu matofali. Mulinzi akatuambia kuko mutu ameuziwa parseli nne. Tulimuuliza kwa upole: «Papa, kartasi iko wapi?» Akasema yeye analipwa kwa kuchunga matofali, hachungi kartasi. Mutu wa kweli.

Ile barua ya mara nne, ilikuwa ya kiwanja hiki. Haikutukana mutu. Iliomba vitu viwili: tuonyeshwe plani ya kartiye, na kazi ya ujenzi isimame mpaka plani ionekane. Tumeiacha kwa ofisi inayohusika, kopi yetu iko na kashe na tarehe. Jibu bado. Matofali yanaongezeka.

Kwa hiyo Jumamosi hii tunakutana kiwanjani 6h asubuhi. Tutakimbia kwanza, kilometa zetu tatu kuzunguka kartiye, wazee wanaweza kutembea. Halafu mupira, maillot za Mazembe na za Lupopo zichanganyike kwa timu zote mbili, tafazali, tusianze derby pale. Halafu tutakaa chini na kaye, na kila mukaaji mwenye anakumbuka kiwanja hiki atatuambia alicheza pale mwaka gani na nani. Tutaandika kila neno, kwa Kiswahili chake, na atatia saini. Kurasa hizo zitafuata barua. Hatutagusa tofali hata moja, hatutamusumbua yule papa mulinzi. Mulete maji ya kunywa, kalamu, na babu zenu.