MRI Yaongeza Kigezo Kipya kwa Wagonjwa wa Valvu ya Moyo

Kwa miaka mingi, uamuzi wa kumfanyia upasuaji mgonjwa ambaye mshipa wake mkuu wa damu, yaani aota, umetanuka, umetegemea zaidi upana wa mshipa huo. Miongozo ya Marekani ya mwaka 2022 inaelekeza upasuaji upana unapofikia sentimita 5.5 kwa mwenye valvu ya vipande viwili, na kuruhusu kuanzia sentimita 5.0 iwapo kuna vihatarishi vingine. Hata hivyo, wapo wagonjwa ambao aota huchanika kabla ya kufikia kiwango hicho.

Suala hili linawagusa hasa waliozaliwa na valvu ya aota yenye vipande viwili badala ya vitatu, hali inayokadiriwa kuwapata watu 1 hadi 2 katika kila 100. Damu inayopita katika valvu hiyo mara nyingi haisafiri katikati ya mshipa, bali hupinda, hujizungusha na kugonga upande mmoja wa ukuta.

Hapo ndipo umuhimu wa MRI unapoonekana. Bila kutumia mionzi, kipimo hicho huonesha kasi na mwelekeo wa damu katika kipindi chote cha pigo la moyo, na kuwezesha kukokotoa msuguano wake kwenye ukuta wa mshipa. Mwaka 2015, watafiti wa Calgary, Canada, na Chicago, Marekani, walilinganisha vipimo hivyo na vipande vya aota vilivyoondolewa kwa wagonjwa 20 wakati wa upasuaji. Sehemu zilizopata msuguano mkubwa zilikutwa na nyuzi za kunyumbuka zilizoharibika zaidi.

Pamoja na matokeo hayo, msuguano wa damu haujawa kigezo rasmi cha kuamua upasuaji. Uchunguzi wake huchukua muda na huhitaji programu maalumu pamoja na wataalamu waliobobea, hivyo upana wa aota unaendelea kuongoza uamuzi.

Kwa Tanzania, ambako Taasisi ya Moyo Jakaya Kikwete hufanya upasuaji wa valvu, kinga ya karibu zaidi ni kuwahi kupima. Kwa kuwa tatizo hili huweza kurithiwa, wazazi, ndugu na watoto wa mgonjwa wanashauriwa kupimwa moyo kwa mawimbi ya sauti, hata wasipohisi dalili yoyote.