Diski ya Zamani Isiguswe Kwanza

Mama mmoja wa Rumonge, mke wa askari aliyekuwa Somalia katika jeshi la kulinda amani la Umoja wa Afrika, ametuletea suala ambalo bila shaka linazihusu nyumba nyingi, za kambini na za uraiani. Askari wa Burundi walianza kwenda huko mwishoni mwa mwaka 2007, wakamaliza kazi mwaka 2024. Picha zote ambazo mumewe alirudi nazo likizoni zimo katika kompyuta yao kuukuu ya mezani, pamoja na hesabu za biashara yao ya mawese. Sasa diski imejaa na imeanza kulia ta-ta-ta. Wamepata diski nyingine iliyotolewa katika kompyuta mbovu. Je, waitie vipi bila kuzipoteza picha?

Ndugu msomaji, mlio ule si wa kupuuzwa. Ni kichwa cha kusomea kinachotafuta njia kisiione. Kompyuta hiyo izimwe leo, na watoto wasiiwashe tena kwa ajili ya muziki wala michezo.

Kabla ya kufungua sanduku, chomoa waya wa umeme. Tazama pale unapochomekwa: aghalabu pana swichi ndogo yenye namba 115 na 230. Mashine ya mtumba iliyotoka Marekani huenda imeachwa kwenye 115, nayo ikiwashwa kwa umeme wetu italipuka kama fataki. Mikono iwe mikavu, isiwe na mawese wala magamba ya mikeke, kisha gusa bati la sanduku ili umeme wa mwilini ukutoke.

Hapa ndipo wengi huharibu. Huziunga diski zote mbili kwa pamoja, huanza kuweka programu, na kompyuta inapouliza ni diski gani ifutwe, huchagua isiyo yenyewe. Dawa yake ni nyepesi: toa ile ya zamani kabisa, uifunge kwa kitambaa kikavu na kuiweka kabatini. Diski iliyo kabatini haiwezi kufutwa na mtu yeyote. Weka hiyo nyingine peke yake, uipange na kuitilia programu zote. Ikishawaka vizuri mara mbili tatu, ndipo uilete ya zamani.

Diski za zama zile hukaa mbili katika waya mmoja bapa wenye matundu 40. Kwa kuwa njia ni moja, mmoja hana budi kuwa mkubwa na mwenzake mdogo, kama vile doria isivyoweza kuongozwa na makoplo wawili. Cheo hupangwa kwa kidude cha plastiki ambacho mafundi hukiita jampa, kilichopo nyuma ya diski, na mchoro wake umebandikwa juu yake. MA ni mkubwa, SL ni mdogo. Diski mpya iwe MA, ya zamani iwe SL. Zipo diski, hasa za Western Digital, ambazo zikiwa peke yake hazihitaji jampa, lakini zikipata mwenzake zinaidai. Basi soma mchoro tena siku ya kuziunganisha.

Mstari mwekundu wa waya huelekea pini namba 1, ambayo kwa kawaida iko upande wa plagi ya umeme. Sukuma wima, kwani pini iliyopinda ni kazi ya nusu siku. Ikiwa waya una rangi, buluu huenda kwenye ubao mkuu, nyeusi kwa mkubwa, kijivu kwa mdogo.

Washa, bonyeza Delete au F2 mara moja, uingie katika bayosi. Majina ya diski zote mbili yaonekane. Saa ikiwa imerudi miaka ya nyuma, betri ya CR2032 imekwisha; badilisha, la sivyo mashine itasahau kila ulichopanga. Mashine nyingi za kabla ya 1998 hazioni zaidi ya gigabaiti 8.4, na za baadaye kidogo hukomea 137. Huo si ubovu wa diski.

Kompyuta ikisema kwamba diski ya zamani haisomeki na kuuliza kama iifomati, jibu ni HAPANA. Zima, uipeleke kwa fundi mzoefu. Ikisomeka, nakili picha kwanza, hesabu baadaye, muziki mwisho kabisa. Kisha nakala ya pili iwekwe katika flashi kwa jamaa anayekaa mlimani: maji ya ziwa yalipopanda mwaka 2024 yaliingia hata katika nyumba za watu pwani ya Rumonge.

Juma lijalo tutalijibu suala la pasi ya umeme inayonata.