Fundi, wacha kusingizia diski ya zamani

Wasee wa Kericho na Bomet, leo nina neno na mafundi wetu.

Kuna sheria inarudiwa kwa saiba na maduka ya kompyuta huku kwetu: usichomeke diski ya zamani na mpya kwa habu moja ya USB, ati ya zamani itavuta mpya chini. Ukiuliza ufanye nini, jibu ni moja: tupa hiyo ya kitambo, ununue ingine. Kwa USB za siku hizi, hiyo sheria ni uongo, na inatukula doo.

Haikutoka hewani, nakubali. Enzi za ile kebo pana ya IDE, diski mbili zilikaa kwa kebo moja, na kompyuta za kwanza ziliendesha zote mbili kwa mwendo wa ile ya polepole. SCSI ilikuwa kali zaidi: kifaa kimoja cha mtindo wa zamani kati ya vile vya LVD, na laini nzima inashuka hadi megabaiti 40 kwa sekunde. Mafundi wa wakati huo walisema kweli. Lakini SATA ilikuja 2003, kila diski ikapata kebo yake. Sheria ikabaki bila kazi.

Sasa fikiria kituo cha kununulia majani chai. Mizani ikiwa moja, wewe na magunia yako utangoja mzee mwenye kikapu apimiwe. USB 3.0, iliyotangazwa 2008, ni kituo chenye mizani mbili. Plagi yake ina viguso 9: 4 ni vile vile vya USB 2.0, na 5 ni vipya. Flashi ya kitambo inapita kwa vya zamani, SSD yako inapita kwa vipya. Hawapangi foleni moja. Nani anamchelewesha nani hapo?

"Lakini mbona nikikopi inaenda pole pole?" Kwa sababu unakopi kutoka diski ya zamani! Inatoa data kwa mwendo wake, na hata ukiichomeka kwa poti yake peke yake, mwendo ni ule ule.

Wakati mwingine kosa ni la habu yenyewe. Ikiwa ni ya 2.0, kila kitu kilichochomekwa hapo kinagawana megabiti 480 kwa sekunde. Weka SSD mbili mpya kabisa, bado zitatambaa. Hapo badilisha habu, si diski.

Na kuna shida ya stima, ambayo ndiyo huwa nyuma ya diski kujitoa yenyewe. Kwa kawaida poti ya 2.0 inatoa miliampea 500, ya 3.0 inatoa 900. Habu isiyo na adapta yake inagawa hizo hizo kwa vifaa vyote. Diski ya kuzunguka ikikosa moto wa kutosha inazima katikati ya kazi, faili zinaharibika, halafu fundi anasema ni uzee.

Kweli diski huzeeka. Ikianza kugongagonga, kopi vitu vyako leo, usingoje kesho. Lakini hiyo haihusiani na jirani yake kwa habu.

Mnajua nani analipia huu uongo? Mwanafunzi wa Kabianga anayetumia diski aliyoachiwa na kaka yake. Kwaya ya kanisa yenye rekodi zake zote mahali pamoja. Familia yenye picha za kogo aliyeshazikwa. Diski ikitupwa, hivyo vyote vinaenda nayo, na hakuna duka linauza picha za kogo wako.

Kwa hivyo siku fundi akikuambia utupe, muulize: hii habu ni 2.0 au 3.0, na adapta yake iko wapi? Akianza kuzunguka, chukua diski yako uende nyumbani.