Vyuo Vikuu Vitenge Fungu la Ustawi wa Jamii

Chuo kikuu hupanga fedha zake kwa idara. Kemia ina fungu lake, tiba ina lake, na kilimo, sosholojia na uhandisi vivyo hivyo. Mwaka wa fedha unapofungwa, kila idara huulizwa imetumiaje kilicho chake. Utaratibu huo unafaa kwa kununua vifaa vya maabara na kuwalipa wahadhiri wa muda. Kwa shida za wananchi haufai hata kidogo, maana hakuna shida ya kijijini inayozaliwa na jina la idara usoni. Ndiyo sababu inavipasa vyuo vikuu vya Afrika Mashariki kutenga, kutoka katika mapato yao wenyewe, fungu la miradi inayokutanisha taaluma mbalimbali kwa ajili ya ustawi wa jamii, na kulilinda fungu hilo kama mishahara inavyolindwa.

Mfano ulio wazi ni maji ya Meru, mkoani Arusha. Miamba ya volkano inayouzunguka Mlima Meru ina madini ya floraidi, na chemchemi, mito na visima vingi vya upande huo huyabeba kwa wingi. Shirika la Afya Duniani limeweka kikomo cha miligramu 1.5 kwa lita moja ya maji ya kunywa. Tanzania kwa miaka mingi iliruhusu hadi miligramu 8 kwa maji ya vijijini, kisha ikashuka hadi 4, kwa kuwa kufunga kila chanzo kilichozidi kikomo kungewaacha watu bila maji kabisa. Mtoto anayekua kwa maji hayo huota meno yenye madoa ya kahawia. Akiendelea kuyanywa kwa miaka mingi, na floraidi ikiwa nyingi, mifupa hukakamaa, viungo huuma, na wengine hupinda miguu.

Dawa ya kuyachuja maji hayo inajulikana. Kituo cha utafiti cha Ngurdoto, kilicho chini ya Wizara ya Maji, kimeshughulika kwa muda mrefu na mifupa ya ng'ombe: mifupa huchomwa tanurini kwa joto linalopimwa, husagwa kuwa chengachenga, na maji yakipitishwa humo floraidi hunaswa. Kwa mwanakemia, kazi imekwisha. Kwa mama wa Meru, ndiyo kwanza inaanza. Chengachenga hizo huchoka na lazima zibadilishwe. Lakini floraidi haina rangi, ladha wala harufu, basi nani atajua kwamba siku ya kuzibadilisha imefika, na nani atazilipia? Mifupa ikichomwa vibaya huyatia maji harufu, na nyumba iliyokwisha kuyaonja maji ya namna hiyo haina hamu ya kurudia chujio. Wapo pia waumini watakaotaka kujua mifupa ni ya mnyama gani. Swali lao ni la haki na linastahili kujibiwa kabla ya tanuri kuwashwa.

Kisha kuna magadi. Katika majiko mengi ya kaskazini mwa Tanzania, magadi hutiwa katika maharage na makande ili yaive upesi, nayo magadi ya ukanda huo yana floraidi ndani yake. Familia inaweza kuchuja maji kwa uaminifu mwaka mzima na bado ikaila floraidi chunguni. Mtafiti aliyeishia kisimani hawezi kuliona jambo hilo. Huliona mtaalamu wa lishe anayeuliza kinachopikwa, au mwanaanthropolojia aliyekaa na akina mama hadi wakazoea kuwa naye. Kijana anayeficha mdomo kila anapocheka ana mzigo ambao daktari wa meno peke yake hauondoi. Na uamuzi wa kuchanga fedha za kuendesha chujio la kijiji ni suala la uongozi na uchumi wa kaya kabla ya kuwa suala la maji. Jiolojia, kemia, tiba, lishe, uchumi, imani za watu na utawala wa kijiji vyote vimo katika ndoo moja inayotekwa alfajiri. Hakuna idara hata moja inayoweza kuomba fedha za ndoo nzima.

Kwa sasa miradi ya namna hii, inapopatikana, mara nyingi hulipiwa na wafadhili wa nje. Taasisi ya Nelson Mandela ya Tengeru, iliyo chini ya Mlima Meru wenyewe, imefanya utafiti mwingi wa floraidi, na sehemu yake imepata fedha za Umoja wa Ulaya. Sweden imesaidia utafiti katika Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kwa miongo kadhaa. Misaada hiyo imejenga maabara na kusomesha wataalamu ambao nchi isingewapata kwa njia nyingine, na shukrani kwa waliotoa ni wajibu. Hata hivyo mfadhili huja na maswali yake na kalenda yake. Mradi hupewa miaka mitatu au minne, na mwaka wa kwanza huishia katika mikataba, vibali na ununuzi. Wanakijiji wanapoanza kumwamini mtafiti, gari la mradi limekwisha kurudishwa. Wazee husema mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Watafiti wengi huondoka siku ya pili jioni, wala si kwa kupenda kwao: fedha zimekwisha.

Kazi ya kuunganisha taaluma si jambo geni katika nchi hizi. Kati ya mwaka 1975 na 1979, magharibi mwa wilaya ya Bagamoyo, watafiti wa Tanzania na Finland waliendesha mradi wa Jipemoyo, ulioungwa mkono na wizara iliyoshughulikia utamaduni ya Tanzania na Akademia ya Finland. Marja-Liisa Swantz, aliyekwisha kufanya kazi Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, alikuwa miongoni mwa walioushika usukani. Wakulima na wafugaji wa huko hawakufanywa watu wa kuhojiwa na kuachwa; walishiriki kutafuta chanzo cha matatizo yao na kuyajadili. Njia hiyo ya utafiti shirikishi, ambayo leo inafundishwa katika vyuo vya mabara yote, ilipata sehemu kubwa ya malezi yake katika vijiji vya Tanzania. Ni haki ya vyuo vya Tanzania kujivunia hilo, na ni deni pia.

Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo nacho kilikwenda Umatengo, wilayani Mbinga, kikishirikiana na Chuo Kikuu cha Kyoto cha Japani. Wamatengo hulima miteremko mikali kwa ngoro: nyasi hufyekwa na kulazwa katika miraba, udongo wa katikati huchimbwa na kuzifunika, na shamba zima huwa vishimo vinavyoshika maji ya mvua na kuzuia udongo usisombwe. Wanaume hufyeka na kulaza nyasi, wanawake huchimba na kupanda. Mtaalamu wa udongo angeweza kuisifu ngoro na asielewe kwa nini baadhi ya vijana wanaiacha. Mtaalamu wa jamii angeielewa familia na asijue mteremko unapoteza udongo kiasi gani. Walipofanya kazi pamoja, uwandani na katika kituo cha maendeleo endelevu ya vijijini kilichoanzishwa chuoni Morogoro mwaka 1999, walianza na yale ambayo wenyeji wanayajua. Kutokana na mazungumzo na wanakijiji, huko Kindimba kilijengwa kinu cha kusaga nafaka kinachozungushwa na maji ya mto. Kinu hakikuwa mada ya tasnifu ya mtu, lakini kilikuwa haja ya wanawake waliobeba mahindi kichwani.

Chuo hicho hicho kimewapa makao, tangu mwaka 2000, wale wanaofundisha panya buku kunusa mabomu ya ardhini na vimelea vya kifua kikuu, kazi iliyoanza kwa msaada wa Ubelgiji. Panya hao wamefanya kazi Msumbiji, nchi iliyotangazwa kuwa huru na mabomu hayo mwaka 2015, na makohozi ya wagonjwa ambao darubini za zahanati hazikuona kitu yamepelekwa kwao yanuswe tena. Elimu ya wanyama, saikolojia ya mafunzo na tiba zilikutana hapo. Kule Eldoret, Kenya, Chuo Kikuu cha Moi na Chuo Kikuu cha Indiana cha Marekani vilianza mwaka 2001 mpango mkubwa wa kutibu wenye virusi vya UKIMWI. Madaktari waligundua upesi kwamba dawa haimfai mtu anayelala njaa, wakaanzisha mashamba ya kuwalisha wagonjwa na familia zao. Agizo la daktari likawa na vidonge pamoja na mboga.

Katika mifano yote hiyo kuna mkono wa fedha za nje. Hapo ndipo penye kasoro, na inapasa isemwe bila kuoneana haya. Makerere imeonyesha kwamba njia nyingine ipo: tangu mwaka wa fedha 2019/2020 serikali ya Uganda imekipa chuo hicho mfuko wa utafiti na ubunifu, ulioanza kwa shilingi bilioni 30 za Uganda, na maswali ya watafiti yakaanza kutoka katika mahitaji ya Uganda yenyewe. Chuo Kikuu cha Dar es Salaam nacho hutenga fedha za ndani kwa ruzuku za utafiti zinazoshindaniwa. Kenya imeandika katika sheria yake ya sayansi na teknolojia ya mwaka 2013 kwamba mfuko wa taifa wa utafiti upate asilimia 2 ya pato la taifa. Nchi za Afrika zilikwisha kuahidiana asilimia 1. Ahadi hizo zimebaki karatasini kwa sehemu kubwa, na chuo kinachosubiri zitimie ndipo kianze kitasubiri sana.

Yupo atakayesema kwamba vyuo vyenyewe ni maskini: mabweni hayatoshi, ruzuku ya serikali huchelewa. Ni kweli. Lakini halmashauri za wilaya za Tanzania nazo ni maskini, na bado sheria inazitaka zitenge asilimia 10 ya mapato yao ya ndani kwa mikopo ya wanawake, vijana na watu wenye ulemavu. Bunge halikungoja halmashauri zitajirike. Chuo kinachokusanya ada, kodi za pango na malipo ya ushauri wa kitaalamu kinaweza kuanza na asilimia 2 ya makusanyo hayo. Kiasi hicho hakitajenga bweni, ila kinatosha kuwaweka wahadhiri wanne na wanafunzi wao katika kata moja kwa miaka mingi, na miaka mingi ndiyo inayokosekana.

Wengine huhofia kwamba kuchanganya taaluma kutazaa watu wanaojua kidogo kidogo cha kila kitu. Hofu hiyo ingekuwa na msingi kama taaluma zenyewe zingefutwa. Chujio la Meru linamhitaji mwanakemia hodari, tena aliyebobea. Asiye hodari atawaua watu kwa imani yao kwake. Linalotakiwa ni bingwa huyo akae meza moja na mabingwa wengine, na wote wakae na mwenyekiti wa kijiji.

Fedha za fungu hilo zikipatikana, namna ya kuzitumia ni jambo la kuangaliwa kuliko hata kiasi chake. Malipo ya kwanza yawe ya kusikiliza. Siku hizi andiko la mradi huandikwa chuoni, na kijiji hukutana nalo likiwa limekwisha kupitishwa. Mkutano mkuu wa kijiji unatakiwa kukutana angalau mara moja kila miezi mitatu. Watafiti wahudhurie mikutano kadhaa kabla ya kuandika neno, kisha andiko lirudi mkutanoni na lisomwe kwa Kiswahili. Matokeo nayo yarudi huko kwa lugha hiyo, hata kama makala itatoka katika jarida la Ulaya. Kijiji kiwe na sehemu ya fedha mkononi mwake, na wazee, akina mama na vijana wanaotoa siku zao za kazi walipwe kama wataalamu wengine wanavyolipwa. Kanuni za masurufu nazo zilegezwe kwa hekima: mwenye kuuza mifupa machinjioni hana risiti ya mashine, na mtafiti asiwe mdaiwa wa chuo kwa sababu amenunua kwa mtu wa chini.

Kanuni za kupandisha vyeo ndizo ngumu zaidi kubadilika. Pale ambapo makala ya waandishi sita humpa kila mmoja pointi chache kuliko makala ya mtu mmoja, na kisima kilichosafishwa hakimpi mtu pointi yoyote, mhadhiri kijana mwenye akili atakaa mbali na miradi ya pamoja. Hana kosa, ana watoto wa kusomesha. Seneti za vyuo zina uwezo wa kulirekebisha hilo bila kuomba senti moja kwa mtu yeyote, kwa kuamua kwamba kazi iliyofanyika pamoja na jamii, ikathibitishwa na wataalamu na wanajamii wenyewe, ihesabiwe katika kupanda cheo sawa na kazi iliyochapishwa.

Mwaka wa fedha katika Tanzania, Kenya na Uganda huanza tarehe 1 Julai, na bajeti za vyuo huandaliwa miezi mingi kabla. Mabaraza ya vyuo yalipitishe fungu hilo kabla ya tarehe hiyo, na wabunge, madiwani na wazazi wanaolipa ada wayaulize mabaraza hayo, chuo kwa chuo, ni kiasi gani kimetengwa na ni kijiji gani kitakachofikiwa.