Wazazi wodini: Wageni, au wauguzi wasiohesabiwa?

KATIKA wodi nyingi za watoto nchini, kazi ya uuguzi huanza kabla muuguzi wa zamu ya asubuhi hajaingia. Mama aliyelala sakafuni kando ya kitanda, juu ya kanga, ndiye anayejua mtoto alitapika mara ngapi usiku na homa ilipanda saa ngapi. Ndiye anayemwogesha, anayemlisha kwa kijiko au kwa mpira uliopitishwa puani, na anayekimbia kuita msaada dripu inaposimama.

Hata hivyo, mama huyo hayumo katika hesabu za hospitali. Si mtumishi wala si mgonjwa. Madaktari wanapopita vitandani, zipo wodi ambako huambiwa atoke nje asubiri, na yule mwenye habari za usiku mzima hubaki barazani wakati habari hizo zinapohitajika.

Kwamba uwepo wake ni tiba si suala la hisia tena. Mei 2021 yalichapishwa matokeo ya utafiti ulioratibiwa na Shirika la Afya Duniani (WHO) katika hospitali tano za Ghana, India, Malawi, Nigeria na Tanzania, Muhimbili ikiwa mojawapo. Ulihusisha watoto wachanga 3,211 waliozaliwa na uzito wa kati ya kilo 1 na chini kidogo ya kilo 1.8.

Nusu yao walitunzwa kwa utaratibu uliozoeleka: mtoto kwenye mashine ya joto, mama wodi nyingine, na kubebwa kifuani kwa njia ya kangaruu kusubiri hadi hali itulie. Wengine waliwekwa kifuani pa mama mara tu baada ya kuzaliwa, wakakaa hapo takriban saa 17 kwa siku, huku matibabu yakiendelea.

Katika kundi la kwanza, asilimia 15.7 walifariki dunia ndani ya siku 28. Katika kundi la pili walifariki asilimia 12. Kwa lugha nyepesi, kati ya kila watoto 27 waliowekwa mapema kifuani, mmoja alipona ambaye angekufa. Utafiti ulisitishwa kabla ya muda wake, kwa kuwa haikuwa haki kuendelea kuwanyima wengine huduma hiyo.

Mwaka 2022 WHO ilibadili miongozo yake, ikaelekeza kuwa huduma ya kangaruu ianze mara baada ya kuzaliwa na kwamba familia ishirikishwe katika matunzo ya kila siku ya mtoto njiti au mgonjwa.

Jambo la kutafakari ni kwamba ujuzi huu ulizaliwa na uhaba. Njia ya kangaruu ilianza mjini Bogotá, Colombia, mwaka 1978, wakati mashine za joto zilipokuwa hazitoshi na watoto wakirundikana. Mwaka uliofuata, mjini Tallinn, Estonia, daktari Adik Levin alikosa wauguzi wa kutosha, akawaruhusu akina mama wakae na watoto usiku na mchana na kufanya karibu kila kitu isipokuwa sindano na dawa.

Kutoka Tallinn wazo hilo lilifika Canada. Utafiti uliochapishwa mwaka 2018, uliofanyika katika wodi 26 za Canada, Australia na New Zealand, ulionyesha kuwa watoto ambao wazazi wao walifundishwa na kukaa nao angalau saa sita kwa siku waliongezeka uzito vizuri zaidi, na wazazi wenyewe walipungukiwa na wasiwasi.

Uingereza nayo ilipitia njia hiyo. Mwaka 1959 ripoti ya kamati ya Platt ilipendekeza wazazi waruhusiwe kuwaona watoto wao hospitalini bila kubanwa na saa, baada ya miaka mingi ya kuamini kuwa mama akija mtoto hulia na kuvuruga wodi.

Lakini kushirikisha familia si kuitwika kazi ya Serikali, na hapa ndipo penye hatari kwa nchi yenye upungufu wa wauguzi. Katika wodi za Canada wazazi walifundishwa kabla ya kuachiwa kazi. Mama asiyefundishwa, anayeachiwa mpira wa kulishia kwa sababu muuguzi mmoja ana watoto wengi, anaweza kumimina maziwa yakaingia kwenye mapafu. Kosa hilo haliwezi kuwa la mama. Kupima dawa, kuchoma sindano na kurekebisha oksijeni hubaki kwa muuguzi. Kunawa mikono, kulisha na kutambua dalili za hatari ni mambo yanayofundishika, ila yanahitaji mtu wa kuyafundisha na muda.

Lipo pia suala la fedha, ambalo huzungumzwa kidogo. Matibabu ya mtoto wa chini ya miaka mitano yamesamehewa kwa mujibu wa sera, lakini chakula cha mama anayemnyonyesha na nauli ya anayemletea havimo katika msamaha huo. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inampa mwajiriwa angalau siku nne zenye malipo mtoto anapougua au kufariki. Januari 2025 Bunge lilipitisha marekebisho yanayowaongezea likizo wanaojifungua watoto njiti. Ni hatua kubwa, ingawa haimgusi mama lishe wala mkulima, ambaye siku asiyofanya kazi ni siku isiyo na kipato.

Aidha, hospitali zilizoshiriki utafiti wa mwaka 2021 zililazimika kwanza kuweka vitanda vya akina mama ndani ya wodi ya watoto mahututi. Bila kitanda, choo cha karibu na mahali pa kuoga, mama aliyejifungua juzi hawezi kukaa na mtoto kifuani saa 17.

Utafiti huo uliruhusu pia mlezi mbadala kumbeba mtoto mama anapochoka au kuugua: bibi, shangazi au baba. Katika hospitali nyingi, baba anayefika saa 4 asubuhi na chupa ya uji bado husimamishwa getini hadi saa za kuona wagonjwa.