Manamba wa Kisasa, Safari Hii Wana Pasipoti

Hivi vijana wenzangu, mnajua neno "manamba" lilitoka wapi? Lilitoka kwenye namba. Enzi za mkoloni mashamba ya mkonge ya Tanga na Morogoro yalikuwa na njaa ya vibarua. Watu wakachukuliwa kutoka Kigoma, Songea, Njombe, hata Ruanda-Urundi na Msumbiji. Mwaka 1944 wenye mashamba wakaunda ofisi yao ya kukusanya watu, ikaitwa SILABU. Ukifika shambani unapewa namba na kipande, yaani kadi ya siku 30 za kazi. Siku hazijatimia, mshahara hakuna. Jina lako uliache kwenu.

Nimelikumbuka neno hili kwa sababu siku hizi nchi tajiri zinalia kwamba hazina watu wa kuvuna, na nchi maskini zinalia kwamba vijana hawana kazi. Basi waletwe wageni wa msimu, wavune, warudi kwao. Ukihoji unaambiwa una wivu na watu wanaotafuta riziki.

Mimi sina wivu na mtu. Anayetaka kwenda kuchuma nyanya Kanada aende, kubeba boksi siyo dhambi. Ninachopinga ni kitu kimoja tu: kibali cha kazi kinachomfunga mtu kwa tajiri mmoja.

Tuanze na hiyo Kanada. Mpango wao ulianza mwaka 1966 na Wajamaika 264, Mexico ikaingia mwaka 1974. Mtu anakwenda kwa muda usiozidi miezi minane kwa mwaka. Kibali chake kina jina la mwenye shamba, na nyumba anayolala ni ya mwenye shamba huyo huyo. Kuhamia shamba jingine kunataka idhini za maofisa. Mwenye shamba ndiye anayetaja majina ya anaowataka msimu ujao. Sasa wewe niambie, dawa ya kupulizia mimea ikimchoma macho, atasema?

Agosti 2022 walisema. Wajamaika waliokuwa mashambani Niagara walimwandikia barua ya wazi waziri wa kazi wa nchi yao, wakafananisha hali yao na utumwa. Mwaka uliofuata Tomoya Obokata, mtaalamu wa Umoja wa Mataifa kuhusu utumwa, alitembelea Kanada na kusema mipango ya wafanyakazi wa muda inazalisha utumwa wa kisasa.

Hispania ndiyo kiboko. Kule Huelva wanakolima stroberi, wanawake wa Moroko wamekuwa wakichaguliwa kwa sharti la kuwa na watoto wanaobaki nyumbani. Kwa nini? Ili warudi. Mtoto amegeuzwa dhamana, kama simu unayoacha kwa mkopeshaji! Mwaka 2018 baadhi ya wanawake hao walikwenda kulalamika kisheria kwamba walinyanyaswa kijinsia mashambani.

Najua mtaniambia hakuna aliyeshikiwa bunduki, na mshahara ni mkubwa kuliko wa kwao. Kweli kabisa. Hata manamba wengi waliweka dole gumba wenyewe, maana kodi ya kichwa ilikuwa inawasubiri. Tatizo halipo kwenye kukubali kwenda. Swali ni kwamba ukishafika, unaweza kumwacha tajiri mbaya ukaenda kwa mwingine bila kupandishwa ndege? Wewe unayesoma hapa unaweza kuacha kazi benki Ijumaa na Jumatatu ukaanza kampuni ya simu, huombi ruhusa kwa mtu. Bosi wako analijua hilo, ndiyo maana ana adabu kidogo.

Na mambo haya yameshafika kwetu. Novemba 2023, Israel ikiwa vitani na maelfu ya Wathai waliokuwa wakilima huko wameondoka, Malawi ilipeleka vijana 221 na Kenya ikatangaza nafasi 1,500. Mshahara ulitangazwa kwa mbwembwe. Je, wangapi kati yetu tuliuliza kijana akidhulumiwa anahamaje shamba? Cha ajabu, Mahakama Kuu ya Israel yenyewe iliukataa mwaka 2006 utaratibu wa kumfunga mgeni kwa mwajiri mmoja. Majaji wa huko waliliona. Sisi tunaopeleka watoto tunauliza nauli atalipa nani.

Waheshimiwa mnaosaini mikataba hii, kabla ya kupiga picha za kushikana mikono, daini mstari mmoja tu: mfanyakazi ana haki ya kubadili mwajiri ndani ya msimu bila kunyang'anywa kibali. Wakikubali, vijana waende na Mungu awatangulie. Wakikataa, basi huo siyo mkataba, ni kipande, na babu zetu walishavibeba vya kutosha.

Naomba kuwasilisha.