Helikopta ya Yona na Kidole cha Baba

Mwezi huu hatutazungumza juu ya lishe wala chanjo kama tulivyozoea. Tutazungumza juu ya helikopta ndogo. Usicheke kwanza. Soma hadi mwisho, huenda hata nyumbani kwako kuna kijana asiyesemezana na baba yake.

Kwetu ilikuwa hivyo. Yona alipotimiza miaka 13 alianza kunyamaza. Baba Neema akimwuliza habari za shule, jibu lilikuwa "nzuri", kisha mlango wa chumba unafungwa. Baba naye akazidi kufoka. Sisi tulikaa katikati, tukipeleka maneno huku na huku kama tarishi.

Ndipo shemeji yetu aishiye Ujerumani alipokuja likizo na zawadi: helikopta mbili ndogo za kuongozwa kwa rimoti. Alituambia kwamba kule huu si mchezo wa watoto tu, watu wazima wenye kazi zao huushiriki. Tena ni Mjerumani, Dieter Schlüter, ambaye mwishoni mwa miaka ya 1960 alifaulu kutengeneza helikopta ndogo ya redio iliyoruka vizuri. Sisi tuliona ni fedha zilizotupwa.

Ile ya kwanza ilikuwa nyepesi, yenye jozi mbili za mapanga, moja juu ya nyingine, zinazozunguka kwa kupingana. Namna hiyo hutulia karibu yenyewe, nayo hufaa kwa sebuleni, maana upepo kidogo tu huipeperusha. Baada ya juma moja Yona aliweza kuitua juu ya meza.

Ya pili ilikuwa na jozi moja ya mapanga juu na panga dogo mkiani. Hapo mambo yalibadilika. Mapanga ya juu yakizunguka upande mmoja, mwili wa helikopta hutaka kuzunguka upande wa pili, na panga la mkiani ndilo huuzuia. Mrushaji hutumia vijiti viwili vya rimoti kwa wakati mmoja, huku helikopta haitulii hata kidogo bila kusahihishwa. Ni kama kubeba ndoo ya maji kichwani. Aliyezoea husahihisha kidogo kidogo bila wewe kuona. Anayejifunza hustuka, hupinda shingo kwa nguvu, na maji yote humwagika.

Kabla ya kuitoa nje, Baba Neema alikwenda kuuliza ruhusa Mamlaka ya Usafiri wa Anga, maana vyombo visivyo na rubani ndani vina kanuni zake. Siku ya kwanza uwanjani aliishika rimoti yeye, kwa kuwa ndiye baba. Helikopta ilipanda, ikalala ubavu, ikapiga chini. Mapanga yalivunjika, na bei ya mapya ilitunyima nyama ya wiki nzima.

Ni Yona aliyepata dawa. Kuna programu za kompyuta za kujifunzia, unarusha helikopta ya kwenye kioo, na ikianguka hulipi kitu. Jioni waliketi pamoja, mtoto akimfundisha baba. Waliporudi uwanjani walifunga chini ya helikopta vijiti vinne virefu vyenye mipira midogo mwishoni, ili isipinduke inapotua. Wakaanza na somo moja tu: kuiacha ielee mahali pamoja, kimo cha kiuno, mkia ukiwaelekea wao.

Somo gumu huja baadaye, pua ya helikopta inapokuelekea wewe. Hapo kushoto kwake ni kulia kwako. Ukifuata mazoea, unaisukuma kuelekea huko huko inakoangukia. Tulimsikia Baba Neema akisema, "Kumbe nikigeukiwa ndipo ninapokosea." Hatujui kama alikuwa akisema juu ya helikopta.

Halafu ikaja Jumamosi ile. Baba Neema aliunganisha betri akiwa amesahau kwamba kijiti cha nguvu kwenye rimoti kilikuwa juu. Mapanga yalianza kuzunguka ghafla, yakamkata kidole. Tulikibana kwa kitambaa safi, tukauinua mkono, tukampeleka hospitali akashonwa. Katika kazi yetu ya uuguzi tumeona majeraha mengi, lakini usiku ule hatukulala. Mapanga hayo huzunguka zaidi ya mara elfu moja kwa dakika. Mwaka 2013, huko Brooklyn, New York, kijana wa miaka 19 alifariki baada ya kupigwa na helikopta yake kubwa ya namna hii.

Asubuhi tulizifungia helikopta kabatini. Yona akaja jikoni, akasimama mlangoni. "Mama," akasema, "ukizificha, mimi na baba tutarudi kule kule."

Hatukuwa na jibu. Tuliosha vyombo vyote kabla ya kumpa ufunguo. Lakini tulimpa pamoja na masharti, na tunakuandikia hapa nawe uyatumie:

Rimoti huwashwa kwanza, kijiti cha nguvu kikiwa chini kabisa. Ndipo betri ya helikopta iunganishwe. Wakati wa kumaliza, betri hutolewa kwanza, rimoti huzimwa mwisho.

Mrushaji asimame mbali na helikopta, avae miwani ya kukinga macho, na asirushe karibu na watu, barabara, au uwanja wa ndege. Watoto wadogo wakae nyuma yake, mbali.

Betri za lithiamu zichajiwe kwa chaja yake, juu ya sakafu ya saruji, mbali na pazia na godoro, mtu mzima akiwapo. Usichaji usiku mkiwa mmelala. Betri iliyovimba isichajiwe tena wala isitobolewe, maana huweza kulipuka moto.

Panga likigusa jicho, usilisugue wala kuliosha kwa dawa za nyumbani. Lifunike bila kulibana, uende hospitali mara moja.

Mama mwenzetu, si lazima iwe helikopta. Fedha zikiwa chache, baiskeli mbovu ya kutengeneza pamoja inatosha. Tuliloliona ni kwamba kijana aliyekataa kuhojiwa mezani alizungumza mwenyewe alipopewa nafasi ya kumfundisha baba yake, na baba aliyezoea kufoka alijifunza kusahihisha kidogo kidogo.

Kidole kimepona, ingawa alama ipo. Jumamosi iliyopita walituita uwanjani, wakatupa rimoti. Mikono ilitutetemeka. Helikopta ilipanda kimo cha kiuno, ikayumba, ikaelea. Yona alikuwa akihesabu kwa sauti, na baba yake akawa anasema polepole, "Kidogo, Mama Neema, kidogo tu." Tulifika sekunde kumi na moja.